Maji ya bahari hayamalizi chaji ya betri

Nimeulizwa tena wiki hii: betri kuukuu za simu zikilala kwenye ndoo ya maji ya bahari, si asubuhi ni salama kuzipasua ili kutoa madini yaliyomo? Jamani, hapana. Mombasa maji hayo ni ya bure, ndiyo maana imani hii haifi.

Ncha chanya ya betri ya simu ni kipande chembamba cha aluminiamu. Chumvi na umeme vikikutana hapo, aluminiamu inalika upesi. Ikishakatika, chaji haina pa kutokea. Mapovu yanakoma, ndoo inatulia, nawe unadhani imeisha kumbe imefungiwa ndani. Hata ncha isipolika, seli (betri yenyewe, bila bodi yake) ikishuka karibu na volti 2, maji hayavuti tena umeme wa maana. Na yakipenya ndani hukutana na chumvi ya lithiamu yenye florini, ikazaliwa asidi ya hidrofloriki, ile inayopita ngozi hadi mfupani.

Halafu mita ya kupimia volti. Bodi ndogo ya ulinzi iliyo juu ya seli hukata umeme chaji ikishuka. Ukipima kwa nje unasoma 0, na ndani mna volti 2.5 au zaidi. Toa bodi bila kugusisha ncha, upime kwenye ncha zenyewe. Funga rezista (kizuia umeme) ya omu 10, wati 5, kati ya ncha hizo ili imalize chaji. Seli ya 2000 mAh iliyojaa huchukua kama saa sita. Iondoe, ngoja saa moja, pima tena: utakuta volti zimepanda. Rudisha rezista mpaka zisipite 0.5 hata ukingoja. Vitabu hutoa namba moja ya volti ya kuishia na kusonga mbele. Mimi siiamini, kwa sababu seli iliyochoka huweza kupanda tena kesho yake. Iliyovimba usiitie kisu wala bisibisi, itenge kwenye mchanga mkavu.

Ukishapasua seli, yanayofuata ni mepesi. Karatasi ya shaba iuze ilivyo. Unga mweusi ulioshika karatasi ya aluminiamu ndio mali: kwa betri nyingi za simu, kobalti ni asilimia 60 ya kiini chake, lithiamu 7 tu. Uyeyushe kwa asidi ya salfuriki ya 2 M (moli 2 kwa lita) na hidrojeni peroksaidi, nyuzi 70. Kobalti ikishatolewa kwenye asidi hiyo, lithiamu ishushe kwa magadi, maji yakikaribia kuchemka, na uchuje yakiwa moto, kwani kaboneti yake huyeyuka zaidi kwenye maji baridi. Betri za sola na tuktuk zilizoandikwa LiFePO4 usizichanganye humo: hazina kobalti wala nikeli, na chuma chake kitakuchafulia pipa zima.