Hofu Iliyozaliwa na Imani katika Sayansi

Dhana potofu: Hadithi za mwanzo za hofu ya ulimwengu, yaani hadithi za kutisha zinazomwonesha binadamu kuwa mdogo mbele ya anga lisilo na mwisho, ziliandikwa na watu walioichukia sayansi, kwa ajili ya wasomaji wasioielewa.

Ukweli: H. P. Lovecraft, Mmarekani aliyeupa utanzu huu sura yake, aliipenda elimu ya falaki tangu utotoni, na mwaka 1906, kabla hajatimiza miaka 17, tayari alikuwa akiandika makala za nyota na sayari katika magazeti ya jimbo lake la Rhode Island. Wasomaji wake nao walikuwa wameishi na miale ya eksirei tangu 1895 na radiamu, elementi inayotoa mnururisho, tangu 1898, wakazoea kuambiwa na maprofesa kwamba kisichoonekana kwa macho kipo, na kuthibitishiwa hivyo. Imani hiyo ndiyo aliyoitumia. Katika hadithi yake ya mwaka 1927 kuhusu kimondo kilichoanguka shambani, maprofesa wanachukua vipande vyake, wanavitia tindikali, wanavichunguza kwa spektroskopu, kifaa cha kuchanganua mwanga, na kuona rangi isiyo miongoni mwa zinazojulikana. Asubuhi vipande na chombo cha kioo vilimowekwa vimetoweka, na kwenye rafu ya mbao limebaki doa la kuungua tu. Msomaji anatishika kwa sababu anawaamini watu hao. Kama shahidi angekuwa mganga au mlevi, doa lile lisingekuwa na uzito wowote.

Dhana potofu: Viumbe wa hadithi hizi ni mashetani wa kale waliobadilishwa majina.

Ukweli: Wengi wao wana miili na wanatoka anga za mbali. Ugunduzi wa Pluto ulipotangazwa Machi 1930, Lovecraft aliitumia sayari hiyo mpya, kama ilivyohesabiwa wakati huo, kuwa makao ya viumbe wa hadithi aliyokuwa akiiandika mwaka huohuo.

Dhana potofu: Ujumbe wake ni kwamba sayansi hudanganya.

Ukweli: Hapa ndipo wengi humsoma vibaya. Watu waliahidiwa kwamba kila ugunduzi ungemkuza binadamu, lakini vipimo vya mwanafalaki Edwin Hubble, vilivyowasilishwa mbele ya wanasayansi Januari 1925, vilionesha kuwa Andromeda ni galaksi, yaani kundi kubwa mno la nyota, nyingine nje ya yetu, na Dunia ikazidi kuwa ndogo. Miaka mitatu baadaye, katika aya ya kwanza kabisa ya hadithi yake mashuhuri kuliko zote, msimulizi wa Lovecraft anaiogopa siku ambayo vipande vya maarifa vilivyotawanyika vitaunganishwa. Hana shaka hata kidogo kwamba sayansi itafaulu kuviunganisha.