Je, wajua kwa nini presha ya mama anayevuja damu huweza kuonekana nzuri?

Chukua kituo cha afya chochote, saa nane usiku. Mama kajifungua salama, mtoto kalia, na ndugu waliokesha nje wameshaanza kupiga simu za habari njema. Nusu saa baadaye muuguzi anamfunga kipimo mkononi: 110 kwa 70. Anaandika "hali nzuri" na kwenda kwa mwingine anayelia uchungu kitanda cha pili. Mama anasema ana kiu. Anaomba khanga nyingine, maana ya chini imelowa. Saa moja mbele presha ni 70 kwa 40, na akiitwa haitikii.

Visa vya namna hii husimuliwa kwa neno moja: "ghafla". Lakini mwili wa mama huyu ulikuwa ukipambana tangu kondo lilipotoka. Swali ni kwa nini mapambano hayo hayakuonekana kwenye kipimo.

Jibu linaanzia miezi kadhaa nyuma. Mwanamke asiye na mimba ana damu lita nne na nusu hadi tano hivi. Mimba ikikaribia miezi tisa, damu hiyo huwa imeongezeka kwa karibu nusu. Sehemu ya maji huongezeka kuliko chembe nyekundu, ndiyo maana hata mjamzito mwenye afya hupimwa akaambiwa damu imeshuka kidogo. Nyongeza hiyo pia ni akiba ya siku ya kujifungua.

Na inahitajika kweli. Mji wa mimba wa miezi tisa hupitisha damu ya kujaza chupa ndogo ya maji ya dukani, ile ya nusu lita, kila dakika. Kondo likibanduka, mishipa iliyokuwa ikililisha hubaki midomo wazi. Kinachoziba midomo hiyo kwanza ni nyama ya mji wa mimba wenyewe, kabla hata damu haijaganda: misuli yake imesukwa huku na huku mithili ya ukili, na mishipa inapita katikati ya msuko. Msuko ukikaza, mishipa inabanwa. Ukilegea, bomba liko wazi. Kwa hiyo yule mkunga anayekubonyeza tumbo chini ya kitovu, jambo ambalo kina mama wengi hulalamika kwamba linauma kuliko walivyotarajia, anatafuta kitu kigumu kama nazi. Akikuta kimelegea kama unga uliokandwa, atasugua mpaka kikaze, na atahakikisha mama amekojoa, maana kibofu kilichojaa huuzuia mji wa mimba usijibane.

Sasa tuseme msuko umelegea na damu inatoka. Moyo huongeza kasi. Mishipa ya ngozi na ya tumbo hujibana ili damu iliyobaki iende kwenye ubongo na moyo; ndipo mikono inapokuwa ya baridi, midomo inakauka na kiu inaanza. Presha inabaki palepale. Mama kijana mwenye afya anaweza kupoteza lita moja na zaidi kabla namba haijashuka. Akiba ikiisha, inaporomoka kwa mkupuo. Kati ya dalili zote, presha ndiyo ya mwisho kusema ukweli.

Inayowahi ni mapigo ya moyo. Rudi kwa mama wetu. Muuguzi angeweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, akahesabu dakika nzima bila kukisia, huenda angepata 121. Gawanya 121 kwa presha ya juu, 110, unapata 1.1. Baada ya kujifungua jibu linatakiwa liwe chini ya 0.9. Likifika hapo na kupanda, ni ishara ya kuchunguza damu inatokea wapi, likifika 1.7, mama yuko ukingoni. Kwa asiyependa hesabu za kugawanya: mapigo yakiizidi presha ya juu, usiende kitanda cha pili. Kuna hata kipimo cha presha kiitwacho CRADLE kinachoifanya hesabu hiyo chenyewe na kuwasha taa ya kijani, njano au nyekundu kama za barabarani, kwa ajili ya zahanati zenye mhudumu mmoja wa zamu.

Wapo wawili ambao hesabu ya akiba haiwahusu. Wa kwanza ni aliyeingia leba akiwa na upungufu wa damu. Kwake hata nusu lita inaweza kuwa nyingi mno. Wa pili ni mwenye presha ya mimba iliyopanda sana. Mwili wake haukuongeza maji ya damu kama wenzake, hivyo akivuja anaanguka mapema. Zaidi ya hapo, namba zake zinadanganya mara mbili: aliyekuwa na 170 kwa 110 jioni, akipimwa usiku 120 kwa 80, mtu atashukuru Mungu kwamba dawa imefanya kazi. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba anavuja.

Kwa nini basi tusiiangalie damu yenyewe? Kwa sababu jicho ni kipimo kibovu. Damu huingia kwenye khanga, godoro, pamba na ndoo, huchanganyika na maji ya uzazi, na anayekadiria kwa macho mara nyingi husema kidogo kuliko ilivyo. Dawa ya hili ilikuwa rahisi hata inachekesha: karatasi ya plastiki yenye mfuko, inayotandikwa chini ya makalio ya mama mtoto akishatoka, imechorwa mistari ya vipimo. Katika utafiti wa E-MOTIVE, hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini ziligawanywa: nusu zikatumia mfuko huo pamoja na utaratibu wa kutoa matibabu yote kwa pamoja, nusu zikaendelea na mazoea. Damu ikifika mililita 500, au 300 pamoja na dalili nyingine mbaya, tumbo linasuguliwa, dawa ya kukaza mji wa mimba inatolewa, dawa ya kuzuia kuvuja inachomwa, dripu inafungwa, na uchunguzi wa michaniko unafanyika; hakuna kujaribu moja na kusubiri. Matokeo yalitolewa 2023. Waliopata madhara makubwa, yaani kupoteza lita nzima au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa sababu ya damu au kufa kwa damu, walipungua kwa asilimia 60. Hospitali zenye mfuko ziligundua visa 93 kati ya 100. Zile za mazoea, 51.

Hiyo dawa ya kuzuia kuvuja, asidi ya traneksami, ina historia ndefu. Iligunduliwa Japani na Utako Okamoto na mumewe Shosuke, wakaiandika 1962, naye Utako aliamini kwamba itawafaa wanawake wanaovuja damu baada ya kujifungua. Ilichukua zaidi ya miaka hamsini mpaka utafiti wa wanawake 20,000 katika nchi 21 uthibitishe, 2017: ikitolewa ndani ya saa 3 tangu kujifungua, vifo vya kuvuja damu hupungua kwa karibu theluthi moja. Baada ya saa hizo haisaidii.

Mwili wa mjamzito una maficho mengine. Pumzi, kwa mfano. Homoni za mimba humfanya avute hewa nyingi zaidi, kwa hiyo akisema anahema tunamjibu "ni mimba hiyo, mtoto amekubana". Lakini nyongeza hiyo hutokana na kuvuta pumzi kwa kina. Idadi ya pumzi kwa dakika haibadiliki sana. Anayehema mara 26 au 28 akiwa ametulia kitandani hana mimba peke yake. Pengine ana maambukizi yaliyoingia kwenye damu, donge la damu kwenye mapafu au moyo unaoshindwa kazi. Kuhesabu pumzi hakuhitaji kifaa chochote zaidi ya saa ya mkononi, na bado ndicho kipimo kinachoandikwa kwa kubuni kuliko vyote: fungua mafaili ya wodi nyingi utakuta kila mgonjwa anahema mara 20.

Kulala chali nako kuna lake. Kuanzia mimba ya wiki 20 hivi, mji wa mimba unaweza kuulalia mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Mjamzito aliyezimia hulazwa ubavu, wa kushoto ndio bora. Ikiwa moyo umesimama na lazima alale chali asukumwe kifua, mtu mmoja anatakiwa alisukume tumbo upande wa kushoto kwa mikono muda wote.

Halafu kuna kifafa cha mimba, degedege linaloletwa na presha ya mimba, ambacho jina lake linapotosha kidogo, kwa kuwa huweza kuja mimba ikiwa haipo tena. Visa vingi vya baada ya kujifungua hutokea ndani ya saa 48, lakini presha ya mzazi kwa kawaida hufika kileleni kati ya siku ya tatu na ya sita. Siku hizo yuko wapi? Nyumbani, ndani ya arobaini, anakandwa maji ya moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga. Akisema kichwa kinamuuma, bibi atasema hajalala vizuri kwa sababu ya mtoto, na mara nyingi bibi atakuwa sahihi. Ila kichwa kisichosikia panadoli, macho kuona vimulimuli au ukungu, maumivu chini ya mbavu za kulia: huyo apimwe presha leo hii. Akishaanza kukakamaa, wapo watakaotaja jini kabla ya kutaja presha. Dawa ya kwanza ya degedege hilo ni magnesiamu salfeti, ya bei nafuu, na utafiti mkubwa wa 2002 ulionyesha kwamba ikitolewa mapema hupunguza kwa nusu uwezekano wa degedege kutokea kabisa. Anayeichomwa hugongwa goti kila baada ya muda. Mguu usiporuka, dawa imeanza kuzidi na dozi inayofuata inasimamishwa.

Kwa dharura kama hizi, Tanzania ina namba 115 ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na waliojifungua: anayepiga hupangiwa gari la wagonjwa, na likikosekana, dereva wa mtaani aliyesajiliwa ambaye hulipwa na mfumo, si na mgonjwa.

Lipo ficho moja la mwisho, na hili si la mwili. Mzazi wa siku nane anafika hospitali na homa, anahema haraka. Mtoto kaachwa kwa shangazi. Tumbo limeshapungua, kavaa dera, anakaa foleni ya wagonjwa wa nje pamoja na wenye mafua. Daktari anaona msichana mwenye homa, anaandika kipimo cha malaria. Hakuna alichokiona cha kumfanya aulize. Aliyemsindikiza ndiye anayeweza kubadilisha kila kitu, na ayaseme dirishani kabla hajaulizwa: "Huyu kajifungua wiki iliyopita."