Azimio la Arusha Halikupiga Marufuku Utajiri

Bado wapo wanaosimulia kwamba, Azimio la Arusha, tamko la siasa ya ujamaa nchini Tanzania, lilipotangazwa Februari 1967, Mtanzania yeyote aliyekuwa na mali alihesabiwa kuwa mkosaji. Simulizi hiyo inachanganya mambo mawili, na inawanyima vijana wetu haki ya kuielewa historia yao.

Miiko iliyowekwa katika Azimio iliwabana viongozi wa TANU, chama tawala cha wakati huo, na wa serikali, pamoja na wenzi wao wa ndoa: kiongozi hakuruhusiwa kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au zaidi, wala kumiliki nyumba ya kupangisha. Hebu fikiria waziri mwenye nyumba ya vyumba sita Magomeni, akipokea kodi kila mwisho wa mwezi. Huyo alipaswa kuchagua kati ya nyumba hiyo na cheo chake. Jirani yake mwenye duka, asiye na uongozi wowote, hakuguswa na sharti hilo, naye aliendelea kuuza unga na sukari.

Ni kweli, na tusiifiche, kwamba matajiri wasio viongozi nao walipoteza mali: mabenki yalitaifishwa mwaka 1967, na mwaka 1971 yakafuata majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Hata hivyo, hatua hizo zililenga njia kuu za uchumi na majengo makubwa, ilhali miiko ilimlenga mtu mwenye madaraka. CCM, chama kilichoirithi TANU, iliilegeza miiko hiyo katika kikao chake cha Zanzibar mwaka 1991.