"Akipata Hela Atapona": Dhana Potofu Kuhusu Umaskini na Ugonjwa wa Akili

Ijumaa saa nne asubuhi, chini ya mwembe wa mjumbe wetu, viti vya plastiki vinapangwa na kina mama wanaanza kufika na marejesho. Afisa mikopo keshafungua daftari. Sheria ya kikundi kila mtu anaijua: mmoja akipungukiwa, hakuna anayeondoka mpaka hela itimie. Mama mmoja muuza vitumbua alipungukiwa wiki tatu mfululizo. Wiki ya kwanza wenzake walimchangia, ya pili wakachanga huku wamenuna, ya tatu wakaenda kumtolea jiko la gesi. Tangu siku hiyo halali. Saa nane usiku yuko macho, moyo unamwenda mbio, na mchele alioloweka anausahau mpaka unachacha. Zahanati ameshakwenda mara mbili. Safari ya kwanza alirudi na panadol, ya pili na dawa za vidonda vya tumbo. Ukimuuliza anaumwa nini, anakujibu: "Nina mawazo tu, mdogo wangu."

Hiyo "tu" ndiyo iliyonikalisha kuandika haya.

Dhana: Sonona ni ugonjwa wa wenye nafasi. Maskini ana shida, hana sonona.

Sonona ni ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, Waingereza huuita depression. Dhana hii husemwa kwa utani vijiweni, lakini wapo wanaoiamini kabisa. Ukweli ni kinyume chake. Mwaka 2020 watafiti wanne, akiwemo daktari wa akili Vikram Patel, walikusanya matokeo ya tafiti za nchi mbalimbali na kuyachapisha katika jarida la Science. Watu wa kipato cha chini kabisa hupatwa na sonona au wasiwasi uliopitiliza mara 1.5 hadi mara 3 zaidi ya matajiri wa nchi hiyohiyo.

Kinachotuponza ni jina. Mtu wa uswahilini haendi zahanati akasema "nina sonona". Atasema kichwa, mgongo, tumbo kuwaka moto, usingizi hauji. Zimbabwe wana neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na madaktari wao wamejifunza kulisikiliza. Sisi tuna "mawazo". Na kusononeka kumo katika Kiswahili tangu enzi za babu zetu, kwa hiyo sijui nani alituambia maradhi haya yamekuja na ndege.

Dhana: Akipata hela atapona.

Hii ina nusu ya ukweli, na nusu yenyewe si ndogo. Huko Rarieda, kaunti ya Siaya nchini Kenya, shirika la GiveDirectly lilizitumia kaya maskini pesa kwa M-Pesa bila sharti lolote. Kaya za kupewa zilipatikana kwa bahati nasibu, ili zilinganishwe na zile zilizokosa. Waliopata walikuwa na furaha zaidi na msongo pungufu, na matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2016. Indonesia nako, serikali ilipoanza kuzipa ruzuku kaya maskini, eneo moja baada ya jingine, idadi ya watu wanaojiua katika maeneo yaliyofikiwa ilishuka kwa karibu asilimia 18.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha North Carolina, Marekani. Kuanzia mwaka 1993 watafiti walikuwa wakifuatilia hali ya akili ya watoto 1,420, takriban robo yao Wacherokee, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani. Utafiti ukiwa katikati, kabila hilo likafungua kasino kwenye ardhi yake, na gawio likaanza kwenda kwa kila Mcherokee. Hakuna aliyekuwa amepanga jaribio hilo. Familia nyingine zikavuka mstari wa umaskini, na watoto wa familia hizo wakapunguza ugomvi, ukaidi na utukutu wa kupindukia, wakawa sawa na watoto ambao hawakuwahi kuonja dhiki. Mtafiti mkuu, Jane Costello, na wenzake walipochimba sababu, hawakukuta chakula bora wala nguo mpya. Walikuta wazazi wamepata muda wa kuwaangalia watoto wao.

Sasa hiyo nusu nyingine. Kwa watoto haohao, sonona na wasiwasi havikubadilika. Hela ile ile, nyumba ile ile, ikaponya kimoja ikaacha kingine.

Ndiyo maana mama wa vitumbua ananipa shaka. Deni lake likilipwa leo, huenda akalala. Lakini sonona ikishakomaa huanza kuila biashara yenyewe. Anachelewa kuamka, wateja wa alfajiri wanahamia kwa jirani, anakopa mkopo wa pili kulipa wa kwanza, na huo wa pili huwa ni ule wa riba kali tunaouita kausha damu. Ukimwaga hela humo bila kumtibu, unajaza maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Dhana: Yule wa pale stendi, maisha magumu ndiyo yaliyomtia wazimu.

Kila stendi ina wa kwake: makopo mgongoni, koti zito saa sita mchana, anaongea na asiyeonekana. Wapita njia humtungia historia, ama alidhulumiwa, ama alifukuzwa kazi, ama mke alimkimbia. Kwa maradhi ya namna hii, na hasa skizofrenia, ugonjwa unaomfanya mtu asikie sauti na kuamini mambo yasiyokuwepo, mara nyingi mshale unaelekea upande wa pili. Ugonjwa ulitangulia, umaskini ukafuata.

Ubishi huu ni wa zamani. Mwaka 1939 wanasosholojia wawili, Faris na Dunham, walionyesha kwamba wagonjwa wa skizofrenia wa Chicago walijazana katika mitaa choka mbaya ya katikati ya mji. Wengi wakadhani mitaa ndiyo inayowaharibu akili. Mwaka 1963 Goldberg na Morrison, Uingereza, wakafanya jambo rahisi: walifukua vyeti vya kuzaliwa vya vijana waliolazwa kwa ugonjwa huo wakaangalia kazi za baba zao. Kumbe baba walikuwa wa tabaka zote, matajiri kwa makabwela, kama wananchi wengine. Walioshuka ni vijana wenyewe. Sisemi dhiki haina mkono kabisa, na matatizo wakati wa kuzaliwa na bangi nzito ya ujanani navyo vimo katika hesabu. Lakini kwa sonona shida ya maisha husukuma sana, na kwa skizofrenia ugonjwa ndio unaomburuta mtu chini.

Anaburutwaje? Ukikaa karibu na familia moja utaona. Kijana anaacha chuo mwaka wa pili. Ng'ombe wawili wanakwenda kwa mganga wa kwanza, kiwanja kwa mganga wa tatu. Dada anaacha kibarua ili amwangalie. Mwishowe wanafika hospitali, wanaambiwa kuna sindano ya kila mwezi, na anatulia vizuri tu. Tatizo ni kwamba mgonjwa hasafiri peke yake, kwa hiyo nauli ni ya watu wawili, kwenda na kurudi. Mwezi mvua zikiharibu barabara, au hela zikiishia kwenye ada za wadogo zake, sindano inapita. Miezi miwili baadaye makopo yako mgongoni.

Dhana: Familia ile ina hela, kwa hiyo kichaa wao ametolewa kafara.

Hapa umaskini na ugonjwa vinaunganishwa kinyumenyume: utajiri wa mjomba umenunuliwa kwa akili ya mpwa wake. Nimewaona ndugu wa damu wanazikana bila kusemeshana kwa ajili ya neno hili. Hesabu ni hii. Skizofrenia humpata takriban mtu 1 kati ya 300 duniani, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, na kwa kawaida huanza mwishoni mwa ujana au katika miaka ya ishirini. Pia hutembea katika koo. Katika ukoo mkubwa wenye mfanyabiashara mmoja aliyefanikiwa, kumpata kijana wa miaka 20 anayeugua si muujiza. Ila katika ukoo maskini, kijana huyohuyo tungesema ni maisha magumu. Yaani kila upande tumeshaandaa jibu, na hospitali haimo katika majibu yote mawili.

Dhana: Umaskini uko kichwani.

Hii ya semina za hamasa siipi nafasi kubwa. Anayeisema huwa ameshalipwa kiingilio.

Dhana: Tiba ya akili ni ya watu wa Masaki.

Ukisikia "mtaalamu wa saikolojia" unafikiria Masaki, kwa matajiri wa Dar es Salaam: kochi, kiyoyozi na malipo ya saa. Tuje Harare, Zimbabwe. Daktari wa akili Dixon Chibanda amesimulia hadharani jinsi alivyompoteza mgonjwa wake, msichana wa miaka 26 aliyejiua. Mama wa msichana alimweleza kwamba walitaka kuja hospitali, walikosa dola 15 za nauli ya basi. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare, Chibanda akapewa alichoweza kupewa: vikongwe 14 wahudumu wa afya wa jamii, bila chumba. Wakaweka mabenchi nje ya zahanati.

Bibi anakaa, mgonjwa anakaa, wanaongea. Bibi hatoi hotuba. Anamsaidia mgonjwa kutaja matatizo yake yote, kisha achague moja la kuanza nalo, lile analoweza kulishika wiki hii. Kwa mama wa vitumbua, pengine si deni zima. Pengine ni kumfuata mwenyekiti wa kikundi kabla ya Ijumaa, badala ya kusubiri aibu ya chini ya mwembe. Mwaka 2016 matokeo ya jaribio katika zahanati 24, lenye wagonjwa 573, yalichapishwa. Baada ya miezi sita waliobaki na dalili za sonona ni asilimia 14 tu ya waliokaa benchi, na karibu asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida.

Benchi linaondoa nauli kwa mwenye mawazo. Kwa yule wa sindano ya kila mwezi haliondoi, na hapo kuna swali linalofaa kuulizwa kliniki, ingawa ndugu wengi huona haya kuliuliza: je, sindano hii inaweza kupelekwa ikachomwe zahanati ya kijijini kwetu? Na kama ni vidonge, tunaweza kupewa vya miezi miwili au mitatu? Nenda na kadi yake, na mtajie daktari nauli yenu kwa shilingi.