Juisi Nzito ya Tikiti: Kazi Kubwa Iko Kabla ya Blenda

Tunda ambalo takriban sehemu tisa kati ya kumi za uzito wake ni maji halihitaji kuongezewa maji. Tunaanza na hilo kwa sababu ndilo linaloharibu juisi nyingi za tikiti. Mtu anakata tunda zuri, analitia kwenye blenda, anamimina kikombe kizima cha maji na kurundika barafu juu yake. Anachopata ni kinywaji chepesi kisicho na ladha, na ili kukiokoa anaongeza vijiko vitatu vya sukari. Tunda lilikuwa halina kosa lolote.

Makala haya yanahusu juisi nzito ya baridi, au smuthi kama wengi wanavyoiita, inayotengenezwa kwa tikiti maji au kwa meloni. Meloni ni lile tunda la mviringo lenye ganda la wavu na nyama ya rangi ya chungwa, na ipo pia yenye ganda laini na nyama ya kijani hafifu. Yote ni ya ukoo mmoja na tango na boga. Tikiti maji lina takriban gramu 6 za sukari katika kila gramu 100 za nyama, meloni kama gramu 8. Meloni inanukia zaidi na ikisagwa huwa nzito, ilhali tikiti maji hutoa kinywaji chepesi chenye povu. Kwa juisi nzito tunapendelea meloni, ila tikiti maji nalo lina namna yake na tutaigusa.

Kwanza, kuchagua. Tikiti halina akiba ya wanga ndani yake. Ndizi mbichi ikiwekwa, wanga wake hugeuka kuwa sukari na ndizi ikawa tamu. Tikiti lililochumwa changa haliwezi kufanya hivyo. Meloni inaweza kulainika na kunukia zaidi ikikaa siku mbili tatu, lakini utamu unabaki ule ule iliotoka nao shambani. Kwa hiyo usichukue tunda changa kwa matumaini kwamba litakolea nyumbani. Kwenye meloni ya ganda la wavu, tazama pale kikonyo kilipokuwa. Iliyokomaa huachia kikonyo yenyewe na kubakiza kishimo laini. Ukikuta kipande cha kikonyo bado kimeng'ang'ania, huenda ilichumwa mapema. Kisha inuse upande wa pili, pale ua lilipokuwa. Harufu tamu ni dalili njema, harufu ya kuchacha inamaanisha muda wake umepita. Rangi iliyo chini ya wavu iwe imeacha ukijani na kuelekea njano. Kwa tikiti maji, geuza utafute doa la upande uliolalia ardhi: likiwa la njano limekomaa, likiwa jeupe au la kijani liache. Wapo wanaogonga kwa kidole na kusikiliza mlio, na wazoefu hawakosei sana, lakini kwa asiye na uzoefu doa na uzito ni mashahidi wa kuaminika zaidi. Tunda liwe zito kuliko ulivyotarajia ukilitazama. Lenye ufa, ukungu au sehemu iliyobonyea, liache hata kama ni la bure.

Sasa tunafika mahali ambapo sisi wa lishe na usalama wa chakula hatuwezi kupita haraka: kuosha.

Watu wengi huosha embe na tufaha, lakini tikiti hulikata hivyo hivyo. Sababu yao inaeleweka, kwamba ganda haliliwi. Tatizo ni kwamba kisu hakina njia nyingine ya kufika kwenye nyama ila kupitia ganda hilo, na kinapopita hubeba kilichokuwa juu yake hadi ndani. Tikiti hukua likiwa limelala ardhini. Hukutana na udongo, samadi, maji ya umwagiliaji, kinyesi cha wanyama, kisha mikono na makreti ya watu wengi. Ganda la wavu lina mikunjo midogo midogo ambamo bakteria hukaa bila kusumbuliwa, na ndiyo maana meloni ya aina hiyo inahitaji uangalifu kuliko ya ganda laini.

Upo upande wa pili wa jambo hili ambao haufahamiki sana. Matunda mengi yana ukali, na ukali huo huzuia bakteria wasizaliane. Meloni karibu haina ukali kabisa. pH ya nyama yake, yaani kipimo cha ukali, huwa juu ya 6, si mbali na ya maji safi. Ongeza hapo sukari na maji tele, na umewaandalia salmonela na listeria, bakteria wanaoleta magonjwa kupitia chakula, makazi mazuri. Meloni nzima kwenye kapu na meloni iliyokatwa ikaachwa mezani ni vyakula viwili tofauti kabisa kwa usalama. Ya pili itendewe kama unavyotendea maziwa au nyama iliyopikwa.

Hili si jambo la kinadharia. Mwaka 2011 nchini Marekani, meloni za shamba moja zilisababisha mlipuko wa listeria uliowapata watu 147, na 33 kati yao walifariki. Wachunguzi walikuta maji yaliyotuama kwenye sakafu ya jengo la kufungashia, mashine ambazo muundo wake ulifanya usafi uwe mgumu, na matunda yaliyoingizwa kwenye chumba cha baridi bila kupozwa kwanza. Mlaji hana uwezo wa kusafisha jengo la mtu mwingine, na kuosha tunda nyumbani hakuondoi kila bakteria. Kunapunguza hatari, na ndiyo sehemu ya kazi iliyo mikononi mwako.

Basi fanya hivi. Osha mikono. Liweke tunda chini ya maji yanayotiririka na ulisugue lote kwa brashi safi iliyotengwa kwa ajili ya matunda na mboga, pamoja na pale kikonyo kilipokuwa. Usitumie sabuni wala dawa ya kuulia vijidudu vya sakafuni, kwa sababu ganda lina vitundu na huweza kufyonza. Usililoweke kwenye beseni pia. Uchafu wa upande mmoja huhamia upande mwingine. Lifute likauke kwa kitambaa safi. Kibao na kisu viwe vimeoshwa, na visiwe vile vilivyokata nyama mbichi muda mfupi uliopita. Kata ncha mbili, lisimamishe tunda, ondoa ganda kwa kushuka na kisu kutoka juu hadi chini. Kabla ya kuanza kukata nyama, suuza kisu na ubao tena. Ni sekunde chache tu, na ndizo zinazotenganisha ganda na kinywaji. Jambo moja la mwisho hapa: osha unapotaka kukata, si siku tatu kabla, kwa kuwa unyevu unaobaki kwenye ganda huvutia ukungu.

Ukiipasua meloni, usitupe zile nyuzinyuzi zenye mbegu. Zimebeba maji matamu yenye harufu nzuri kuliko sehemu nyingine nyingi za tunda. Ziweke kwenye chujio juu ya bakuli, zikamue kwa mgongo wa kijiko, na utapata vijiko kadhaa vya maji ya kuanzishia blenda badala ya maji ya bomba. Za tikiti maji ziko tofauti: mbegu nyeusi ziondoe, maana zikisagika huacha chembechembe, zile nyeupe laini hazina shida.

Kinachofuata ni baridi, na hapa ndipo juisi ya kawaida inapotengana na juisi nzuri. Barafu ya maji ikiyeyuka huacha maji. Barafu ya tikiti ikiyeyuka huacha tikiti. Kata nyama vipande vidogo, vipange kwenye sinia safu moja visigusane, viweke kwenye friza hadi vigande, kisha vihamishie kwenye mfuko au chombo chenye kifuniko. Maji yaliyo ndani ya tunda yanapoganda hufanya chembe zenye ncha zinazopasua kuta za seli. Ndiyo sababu tikiti lililogandishwa likiyeyuka huwa teketeke na halifai tena kuliwa kwa uma. Kwa blenda, kupasuka huko ni nusu ya kazi iliyokwisha kufanyika. Kumbuka tu kwamba friza haiui bakteria, huwasimamisha wasizaliane. Tunda lililokatwa bila kuoshwa litatoka humo likiwa na kila lililoingia nalo.

Baridi ina gharama yake kwa ladha. Ulimi hauhisi utamu vizuri kitu kikiwa cha baridi sana, na meloni iliyokuwa tamu mezani huweza kuonekana imepooza ikitoka kwenye friza. Hapo ndipo mkono wa wengi hukimbilia kopo la sukari. Jaribu kwanza maji ya ndimu na chembe ya chumvi. Meloni imekosa ukali, na ndimu huupa utamu wake kitu cha kushindana nacho. Chumvi kidogo hufifisha uchungu na kuuacha utamu usikike. Mara nyingi hutahitaji kingine.

Kwa glasi mbili tunapendekeza gramu 400 za nyama ya meloni, yaani vikombe viwili na nusu vya vipande, nusu yake ikiwa imegandishwa na nusu imepozwa kwenye friji. Weka mtindi usio na sukari gramu 100, maji ya nusu ndimu, tangawizi mbichi kipande kidogo, majani matano au sita ya mnanaa, na chumvi ya kushika kwa vidole viwili. Maji uliyoyakamua kwenye mbegu yatangulie chini, yafuate mtindi na vipande visivyogandishwa, halafu viungo, na vilivyoganda viwe juu kabisa. Visu vikianza na kitu laini hupata maji ya kuvuta vile vigumu, na mota haisumbuki. Washa na uzime mara chache kwa vipindi vifupi, kisha acha isage mfululizo kama dakika moja. Onja. Meloni ikiwa haikuwa tamu, nusu ya ndizi mbivu itasaidia kuliko sukari, na itaongeza uzito wa kinywaji.

Ukitumia tikiti maji, gandisha robo tatu ya vipande, acha mtindi, na tia ndizi nusu. Bila ndizi, maji hujitenga na nyama ndani ya muda mfupi.

Kuna jambo la maziwa ambalo huwashangaza watu. Meloni ina kimeng'enya kinachovunja protini. Ikikaa pamoja na maziwa au mtindi, protini huvunjika na ladha ya uchungu hujitokeza kadiri saa zinavyokwenda. Kinywaji chenye mtindi kinywewe mara tu kikitoka kwenye blenda. Kama unataka kukiandaa mapema, saga tunda peke yake na uongeze mtindi wakati wa kunywa. Uchungu huo usichanganywe na ule wa tunda lenyewe: nyama ya tikiti ikiwa chungu isivyo kawaida ulipoionja, iteme na utupe tunda lote, kwa sababu jamii hii ya mimea huweza kubeba kemikali chungu zinazoumiza tumbo.

Je, kinywaji hiki ni afya tupu? Ni kizuri, chenye kipimo. Glasi moja ya kiasi tulichotaja ina takriban gramu 16 za sukari ya meloni pekee. Nyuzinyuzi za meloni hazifiki hata gramu 1 katika kila gramu 100, na tunda lililosagwa hunyweka kwa dakika mbili wakati lile lile likiwa kwenye sahani lingetafunwa kwa muda. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa sukari mwaka 2015, liliihesabu sukari ya juisi na asali katika kundi moja na ile ya kopo, lakini si ya tunda zima. Mwongozo wa Uingereza unashauri juisi na smuthi kwa pamoja zisizidi mililita 150 kwa siku. Sisi tunashauri glasi ndogo, bila sukari wala asali ya kuongeza, na tunda zima liendelee kuliwa siku nyingine. Rangi ya chungwa ya meloni ni beta-karotini, ambayo mwili hugeuza kuwa vitamini A na hufyonzwa vizuri pakiwa na mafuta kidogo, kwa hiyo mtindi usioondolewa mafuta au kipande cha parachichi vina kazi.

Mwenye kisukari ahesabu glasi hiyo ndani ya mpango wake wa chakula. Mwenye ugonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu aongee na daktari kwanza, kwani gramu 200 za meloni zina zaidi ya miligramu 500. Wajawazito, wazee na wenye kinga dhaifu wanywe iliyotengenezwa papo hapo kwa tunda lililokatwa papo hapo, kwa sababu listeria huendelea kukua hata ndani ya friji. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe chenye asali. Na mtu anayewashwa mdomo au koo kila alapo tikiti asilazimishe. Huo ni mzio.

Vipande vilivyobaki vifunikwe na viwekwe kwenye friji yenye nyuzi 5 za sentigredi au chini ya hapo, vitumike ndani ya siku tatu. Vikikaa nje zaidi ya saa mbili, au saa moja kukiwa na joto la zaidi ya nyuzi 32, vitupe. Juisi yenyewe inywewe siku hiyo hiyo. Blenda ifunguliwe yote baada ya kazi, na mpira ulio chini ya visu uvuliwe na kuoshwa kwa maji moto na sabuni, ukauke kabla ya kurudishwa. Chini ya mpira huo ndipo mabaki ya jana hukaa yakisubiri juisi ya leo.