Fangasi wa vidoleni si dalili ya uchafu

Wengi wetu Dar es Salaam tumekua tukiamini kwamba fangasi wa kati ya vidole vya miguu humpata mtu asiyeoga vizuri. Kwa hiyo wengine huficha miguu kwa aibu, au huisugua kwa sabuni kali mpaka ngozi ichubuke, na hapo hali huzidi.

Fangasi hawa huambukiza, na hustawi penye joto na unyevu. Mtu anaweza kuoga mara mbili kwa siku, lakini akivaa soksi vidole vingali na maji, kisha ashinde na viatu vya kufunika kwenye joto letu la Februari, amewapa makazi. Kukausha katikati ya vidole kunasaidia kuliko kusugua. Viatu vipumzishwe siku nzima kabla ya kuvaliwa tena, na bafu la pamoja tuingie na ndala.

Jikague mwenyewe: ngozi nyeupe, laini, inayowasha, mara nyingi huanzia pembeni mwa kidole cha mwisho. Ukinunua dawa ya fangasi ya kupaka, soma karatasi iliyomo kwenye boksi. Nyingi huelekeza uendelee kupaka hata muwasho ukiisha. Mwenye kisukari awahi kituo cha afya, asijitibu.