Je, wajua kwa nini udongo wa msitu huumia zaidi mashine inapopita mara ya kwanza?

Udongo wa msitu ambao haujawahi kukanyagwa na mashine ni laini mno, kwa kuwa karibu nusu ya ujazo wake ni vitundu vya hewa na maji vilivyotobolewa na mizizi, nyungunyungu na wadudu kwa miaka mingi. Mashine ya kubebea magogo, ikiwa na shehena yake, yaweza kuzidi tani 30, na uzito huo wote hutua ardhini kupitia sehemu ndogo ambayo matairi yanagusa. Vitundu vikubwa ndivyo hubomoka kwanza, navyo ndivyo vinavyopitisha maji kwenda chini na kuingiza hewa.

Kadiri udongo unavyoshindiliwa ndivyo unavyokuwa mgumu na kustahimili uzito, kwa hiyo sehemu kubwa ya madhara hutokea katika mipito michache ya mwanzo ya mashine, na inayofuata huongeza kidogo tu. Ndiyo maana dereva anayepita kila mara mahali papya, akidhani anaipunguzia ardhi mzigo, huharibu eneo kubwa zaidi kuliko anayerudia njia ileile.

Unyevu huzidisha hatari, kwani maji hulainisha chembe za udongo zikateleza na kubanana kwa urahisi. Matairi mapana husaidia tabaka la juu, lakini mgandamizo unaofika chini sana hutegemea zaidi uzito unaobebwa na kila ekseli (mhimili unaoshika magurudumu), na huko chini ndiko madhara hukawia kupona.

Mizizi ikikosa hewa hudumaa, na mvua ambayo ingezama hutiririka juu ikibeba udongo. Hata bakteria hubadilika: wale wanaokula gesi ya methani hupungua, wanaoizalisha pasipo oksijeni huongezeka, na ardhi iliyokuwa ikiifyonza gesi hiyo yaweza kuanza kuitoa.

Mizizi mipya, nyungunyungu na kuganda kwa maji katika nchi za baridi hufungua tena udongo, ila kazi hiyo huchukua miongo, hasa kwenye tabaka za chini. Kwa hiyo wavunaji makini hutenga njia za kudumu, huzitandika matawi yaliyokatwa, husubiri ardhi ikauke au igande, kisha katika mavuno yajayo huzitumia njia zizo hizo.